Kukereza kwenye milingi ndogo ya CNC: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Milingi ndogo ya CNC (mashine ya kukata kwa kisu kinachozunguka, ikiongozwa na kompyuta) ya kukaa juu ya benchi inaweza kukereza bushi, pini, nozeli na puli ndogo kwa usahihi mzuri kabisa, mradi ufunge mezani hedistoki (kichwa cha kuzungushia kipande) yenye chaki (kibano cha taya) na kisu kwenye kichwa cha mashine. Malalamiko ya wanaoanza yanafanana sana, na mengi yana mzizi mmoja: mashine na programu yake bado zinaamini kazi ni ya milingi. Kinachozunguka kimebadilika, mihimili imebadilishana majina, na nguvu ya kukata inasukuma upande ambao mashine haikuuzoea. Kwa hiyo kabla hujapunguza mwendo au kununua inseti mpya (kipande cha makali kinachobadilishwa kwenye kisu), hakikisha kwanza nani anazunguka, mhimili upi ni upi, na kisu kiko kimo gani.

Mpangilio ninaouzungumzia hapa ni huu. Hedistoki yenye mota yake imefungwa mezani, mstari wake wa katikati ukifuata mwendo wa meza wa kushoto na kulia, yaani X ya milingi. Kisu kimelala chini ya kichwa cha milingi, uso wake wa kukatia ukitazama juu. Y ya milingi ndiyo inayokiingiza kisu kwenye kipande, na Z ya milingi inapandisha na kushusha kimo chake. Kwa lugha ya kukereza, X ya milingi imekuwa Z, na Y ya milingi imekuwa X. Nitataja kila mara ni X ya nani, maana hapo ndipo wengi hupotelea.

Kabla ya kutafuta ubovu wowote

Hatari kubwa kuliko zote ni amri ya M3. Kwenye mashine nyingi, M3, amri ya kuwasha mzunguko, bado inaiamuru spindo ya milingi, yaani shina lake linalozunguka. Ikiwa kishikio cha kisu kimebanwa ndani ya spindo hiyo, programu ikianza kisu kitazunguka kama panga, sentimita chache kutoka mkononi mwako. Chomoa umeme wa spindo ya milingi au utoe mkanda wake kabla ya kufunga kisu. Usitegemee kukumbuka kufuta M3 kwenye programu.

Soma kikomo cha mizunguko kilichochongwa kwenye chaki na usikivuke. Taya zilizofunguliwa sana zinabana kwa nguvu ndogo, na kadiri kasi inavyopanda nguvu ya kuzitupa nje inazilegeza zaidi. Ufunguo wa chaki uondoke mkononi mwako kwenda mahali pake, kamwe usiachwe kwenye chaki. Shafti ikitokeza nyuma ya hedistoki, ikate: ikianza kupinda kwa kasi haitakupa nafasi ya kukimbia. Glovu, mikono mirefu ya shati na kamba za shingoni viondolewe. Nyuzi za chuma zikijiviringisha, simamisha mashine kwanza ndipo uzitoe kwa kulabu.

Kimebaki kichuchu katikati ya uso

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi. Unakata uso wa shafti, kisu kinafika sifuri, na katikati panabaki kichuchu.

Chanzo cha kawaida ni kimo cha kisu. Kisu kikiwa chini ya mstari wa katikati, kinapita chini ya kitovu na kuacha kichuchu cha mviringo chenye kipenyo mara mbili ya kosa. Kipime kwa venia: kikiwa na 0.4 mm, kisu kiko chini kwa 0.2 mm. Kisu kikiwa juu mno, ubavu wake unasugua kabla makali hayajafika, kichuchu kinatoka na umbo la koni iliyochunwa, na mara nyingi ncha ya inseti inavunjika hapo hapo.

Chanzo cha pili kinafanana nacho kwa macho: sifuri ya X ya kukereza haiko kwenye kitovu, na kisu kinasimama kabla ya kufika. Kuvitofautisha, kereza kipenyo chochote kisha ukipime. Kipenyo kikitoka kikubwa kuliko ulichoandika, na tofauti ikakaribia unene wa kichuchu, sifuri ndiyo mbovu. Kipenyo kikiwa sahihi na kichuchu bado kipo, ni kimo.

Hapa milingi inampita hata mwenye lethi (mashine ya kukereza) ya kawaida, ambaye huweka vibati chini ya kisu na kujaribu tena na tena. Wewe unapandisha Z ya milingi kwa 0.2 mm, unakata uso tena, unaangalia. Ukishapata kimo, kiandike kwenye jedwali la visu kama sehemu ya kisu hicho. Kila kisu kina kimo chake, na kuamini kwamba vyote viko sawa kwa sababu vinatumia kishikio kimoja ni kujitafutia kazi.

Kosa la kimo halionekani sana kwenye kipenyo kikubwa, ndiyo maana wengi hawalishuku. Kisu kilicho nje ya katikati kwa 0.3 mm kitaongeza takriban 0.006 mm tu kwenye kipenyo cha 30 mm. Kwenye kipenyo cha 6 mm kosa hilo hilo linaongeza 0.03 mm, na pini iliyokusudiwa kuingia kwa kusukumwa na kidole haiingii tena. Ukiona vipenyo vikubwa ni sahihi na vidogo vinazidi, rudi kwenye kimo.

Kipenyo hakilingani na nilichoandika

Kosa likiwa kubwa kupita kiasi, mfano umeomba 10 ukapata 20, usiguse mashine. Kontrola, yaani kompyuta inayoiendesha mashine, inasoma nusu kipenyo wakati programu imeandikwa kwa kipenyo, au kinyume chake. LinuxCNC, mojawapo ya programu za kontrola, huwaka ikiwa kwenye G8, yaani nusu kipenyo. Programu nyingi za kukereza hutarajia G7, yaani kipenyo. Andika G7 au G8 juu kabisa ya kila programu, usiiachie mashine iamue. GRBL, programu nyingine ya kontrola, haina amri hizo kabisa.

Kosa likiwa dogo na lile lile kwa kila kipenyo, ni namna ulivyopata sifuri. Njia ya kuaminika ni kukereza kidogo, kuacha kisu pale pale kwenye mhimili wake, kupima kwa mikromita, kisha kuiambia kontrola kwamba hapo ndipo kipenyo hicho kilipo. Kugusisha kwa karatasi kunafaa kwa kuanzia tu.

Kosa likibadilika kutegemea kisu kilikuwa kinaingia au kinatoka, hiyo ni plei ya skrubu, yaani ulegevu kati ya skrubu na nati yake. Kwenye milingi, ukataji hufanyika pande zote na plei inajificha. Kwenye kukereza inajitokeza kama ngazi pale ambapo umbo linageuka kutoka kupungua kwenda kupanuka. Weka geji ya saa kwenye Y ya milingi, sogeza mbele 1 mm, rudisha 1 mm, soma tofauti. Rekebisha nati ya skrubu kwanza. Fidia ya plei kwenye programu inasaidia nafasi, lakini haizuii meza kuvutwa na kisu katikati ya mkato.

Kipande kinatoka kikiwa na umbo la koni

Angalia kwanza ncha ipi ni nene. Ncha ya nje, iliyo mbali na chaki, ikiwa nene, mshukiwa wa kwanza ni kipande chenyewe kupinda. Shafti iliyotokeza zaidi ya mara tatu ya kipenyo chake bila telistoki (kishikilia ncha ya nje) inasukumwa na kisu badala ya kukatwa. Ifupishe, punguza nguvu ya mkato, weka inseti kali yenye ncha ndogo. Ncha ya nje ikiwa nyembamba, kupinda hakuwezi kuwa sababu, na hapo hedistoki haijalingana na mwendo wa meza.

Jaribio la kutenganisha mambo hayo mawili ni rahisi. Chukua shafti nene ya aluminiamu, tuseme 25 mm, itokeze kama 60 mm. Kata mfereji mpana katikati ili zibaki pete mbili, moja karibu na chaki na nyingine nchani. Pitisha mkato mwembamba mno juu ya pete zote mbili bila kugusa X ya kukereza katikati yake. Kipande kifupi na kinene namna hiyo hakipindi kwa mkato mwembamba, kwa hiyo tofauti ya pete hizo ni upotofu wa hedistoki.

Kuunyoosha, fungia geji ya saa kwenye kichwa cha milingi, bana chakini shafti iliyosagwa nyororo, weka ncha ya geji ubavuni mwa shafti kwenye kimo cha katikati, na uitembeze meza. Chaki nyingi za taya tatu hazibani katikati kamili, kwa hiyo soma pointi mbili, zungusha chaki nusu mzunguko, soma tena, na uchukue wastani wa kila pointi. Wastani ukihama kwa 0.04 mm kwenye urefu wa 100 mm, vipenyo vitatofautiana kwa 0.08 mm kwenye urefu huo. Legeza boliti zote isipokuwa moja, iache ikiwa imebana kidogo kama mhimili wa kugeukia, kisha gonga kitako kwa nyundo ya plastiki ukiitazama geji. Kama boliti zimeachana 150 mm, upande wa pili unahitaji kusogea 0.06 mm tu. Ni kugusa kidogo kwa nyundo, si pigo.

Ubavuni ndiko kwenye maana. Hedistoki ikiinama juu au chini, kimo cha kisu kinabadilika kidogo urefuni, na kama ulivyoona juu, kimo hakigusi sana kipenyo kikubwa. Nyoosha ubavu kwanza, kimo baadaye. Ukimaliza, toboa meza au kitako na uweke pini mbili za kuongozea, ili siku nyingine ukiirudisha hedistoki usianze upya.

Kwa wanaobana kipande ndani ya spindo ya milingi yenyewe na kufunga visu kwenye jiliwa mezani, koni hutoka kwa sababu spindo haiko sambamba na mwendo wa Z ya milingi. Dawa yake iko kwenye kichwa na nguzo, na mezani hutaipata.

Kisu kinaimba na uso una mawimbi

Anza na vilivyolegea. Shika kishikio cha kisu kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa, na ukitikise kwa nguvu huku geji ya saa ikigusa ncha ya kisu. Ukiona sindano inacheza, fuata mchezo huo hadi chanzo: gibu (vibati vya kubana njia za mhimili) za Y, gibu za Z, kola ya kichwa, au spindo ya milingi ambayo haijafungwa isizunguke. Mhimili ambao hautumiki wakati wa mkato, mfano Z ya milingi ukishapata kimo, ubane kwa kufuli yake. Kumbuka tu kuifungua kabla ya kubadilisha kisu.

Kishikio kilichobanwa kwenye mwili wa kichwa ni bora kuliko kilichobanwa ndani ya spindo. Beringi za spindo zimetengenezwa kubeba mzigo zikiwa zinazunguka. Ukizisimamisha na kuzipiga kwa mtetemo saa nzima, mipira yake inachimba alama kwenye njia zake, na milingi yako itaanza kuacha uso mbaya hata kwenye kazi zake za kawaida.

Vilivyolegea vikishabanwa, fupisha kisu kinavyotokeza, kisha shusha mizunguko. Mtetemo ukiendelea, jaribu kuongeza mwendo wa kisu badala ya kuupunguza. Mkato mwembamba kupita kiasi husugua, na kusugua huimba. Inseti yenye ncha ya 0.4 mm, kama CCMT 060204, hukata vizuri kina kikikaribia au kuzidi hiyo 0.4 mm. Kama mashine haiwezi kina hicho, chukua ncha ya 0.2 mm. Inseti za CCGT zilizosagwa kwa ajili ya aluminiamu zina makali zaidi na husukuma kidogo, kwa hiyo huiokoa mashine nyepesi hata kwenye chuma laini, ingawa huko zinakwisha upesi.

Uso ukiwa na mistari myembamba iliyopangana sawasawa bila kelele, huo si mtetemo. Ni alama za mwendo. Kimo cha mistari ni mwendo kwa mzunguko, ukizidishwa kwa wenyewe, kisha ukagawanywa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha mviringo wa ncha. Kwa ncha ya 0.4 mm, mwendo wa 0.2 mm unaacha mikroni 12.5, mwendo wa 0.1 mm unaacha mikroni 3 hivi.

Spindo inazunguka lakini kisu hakisogei

Karibu kila mara kisu kinasogea, ila kwa 0.1 mm kwa dakika. Programu imeandika F0.1 ikikusudia milimita kwa mzunguko, G95, na kontrola iko G94, milimita kwa dakika. Kwa mizunguko 1000, F0.1 ya G95 ni sawa na F100 ya G94. Kinyume chake ni cha kuogopesha: F100 ikisomwa kwa G95, kontrola itajaribu kusogea milimita 100 kwa kila mzunguko, na kisu kitaingia chakini kabla hujafikia kitufe cha dharura. GRBL haina G95, kwa hiyo toa programu zake kwa milimita kwa dakika tu.

Jamaa wa kosa hili ni G96, kasi ya uso isiyobadilika. Kwa mita 100 kwa dakika, kipenyo cha 30 mm kinataka mizunguko kama 1060. Kisu kikifika kipenyo cha 3 mm, hesabu ile ile inadai zaidi ya 10,000. Weka kikomo: kwa LinuxCNC ni D kwenye mstari wa G96, kwa kontrola za aina ya Fanuc ni G50 S. Kama hujui kikomo chako kinaandikwaje, tumia G97 na mizunguko isiyobadilika.

Matao yanageuka kinyume, au kontrola inakataa

Kontrola ikisema nusu kipenyo cha mwanzo wa tao hakilingani na cha mwisho, kwa kawaida imekosa G18, amri ya kuchagua bapa la XZ. Milingi huwaka ikiwa G17, bapa la XY, na tao la kukereza liko kwenye XZ. Tao likikubaliwa lakini likachimba badala ya kuvimba, posti ya programu (sehemu inayogeuza mchoro kuwa amri za mashine) inaamini kisu kiko upande wa pili wa kipande. Badilisha mpangilio wa posti. Usianze kubadilisha G2 na G3, amri za matao, kwa mkono mstari kwa mstari.

Kwa mpangilio wetu ipo njia ya mkato. Acha mihimili na majina yake ya milingi, andika umbo kwenye XY kwa G17 na kwa nusu kipenyo. Kwa mwenye GRBL hii ndiyo njia safi kuliko zote.

Kisu kinasugua, kinatoa moshi, hakikati

Spindo inazunguka kinyume, au kisu kiko upande wa nyuma wa kipande huku mzunguko ni wa kisu cha mbele. Kabla ya kugeuza mzunguko, angalia chaki imefungwaje. Kwenye hedistoki ndogo zenye pua ya hesi (thredi), kama Sherline na Taig, chaki inakazwa na mzunguko wa kawaida. Ukigeuza na kuingiza mkato mzito, inaweza kujifungua na kuruka. Hamisha kisu, acha mzunguko ulivyo.

Hesi zinakatana kwenye mpito wa pili

Kukata hesi, yaani thredi, kunahitaji kontrola ijue spindo iko pembe gani kila mara. Sababu ya kwanza kwa wingi: enkoda (kifaa cha kusoma pembe ya mzunguko) iliyopo ni ya spindo ya milingi, na hedistoki haina yake. LinuxCNC inahitaji enkoda yenye alama ya mzunguko kwa G33 na G76, amri za kukata hesi. GRBL haiwezi kabisa, kwa hiyo tumia dai (kifaa cha kukatia hesi) kwa mkono au kata hesi kwa kisu cha milingi kinachozunguka.

Enkoda ikiwepo, angalia kama inasoma spindo yenyewe au mota. Ikisoma mota na mkanda ukateleza, alama inapotea. Piga mstari wa kalamu ya wino kwenye chaki na mwingine kwenye puli ya mota, kata mpito mmoja, simamisha, ona kama mistari bado inapatana kwa uwiano wa puli. Kisha punguza mizunguko: hatua ya 1.5 mm kwa mizunguko 500 ni 750 mm kwa dakika, kwa mizunguko 200 ni 300 tu. Kipe kisu nafasi ya hatua kadhaa kabla ya kugusa chuma ili mhimili uwe umeshika kasi, na usibadilishe mizunguko kati ya mpito na mpito.

Sifuri inahama katikati ya kazi

Fungua kufuli ulizosahau. Kisha gibu ulizobana ukitafuta mtetemo, huenda umezibana mno. Kisha uzito: hedistoki iliyofungwa mwishoni mwa meza inaiinamisha, na meza inakuwa nzito upande mmoja na nyepesi mwingine. Ivute karibu na katikati, punguza kasi ya kuongeza mwendo kwenye mipangilio. Kapulini ya mota iliyolegea ni ya kukaguliwa pia. Ikiwa mashine inasimama ghafla ikidai imegusa swichi ya mwisho ambayo haijaguswa, tenganisha waya za mota ya hedistoki na waya za swichi, na tumia waya wenye ngao iliyounganishwa ardhini upande mmoja.

Hedistoki inapata joto au inazima

Joto la kushikika kwa mkono baada ya saa ya kazi ni la kawaida. Joto la kuunguza ni mkanda uliokazwa mno, halafu beringi zilizobanwa kupita kiasi. Mota ikikosa nguvu jioni tu, pima umeme wa soketi wakati wa mkato. Volti 230 ikishuka hadi 190, inveta ndogo (kifaa cha kuendesha mota) inaweza kujizima yenyewe, bila kosa lolote kwenye mashine.

Hapa ndipo pa kuweka bisibisi chini. Beringi inayounguruma au kukwaruza baada ya kulegeza mkanda, chaki yenye ufa hata wa unywele, inveta inayokatisha swichi kuu, au mwili wa mashine unaokupiga shoti hata kidogo: zima, chomoa, mwite fundi wa umeme au wa mashine kulingana na dalili. Usifungue inveta mwenyewe. Kapasita zake hubaki na umeme wa kuua baada ya kuchomolewa, na muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kibandiko chake. Chaki yenye ufa haichomelewi; inatupwa. Na kama kisu kiligonga chaki ikiwa inazunguka, hata kila kitu kikionekana kizima, pima tena ulinganifu wa hedistoki na kutikisika kwa spindo ya milingi kabla ya kukata kipande kingine chochote.